Uzito wa kipande cha printa ya 3D: tenga ganda na kiini

Waalaikumu salamu, ndugu yangu wa Chake Chake. Umeuliza kwa nini kishikio chako cha kamera ya droni ni chepesi mno kwenye mizani kuliko modeli ya kompyuta inavyosema. Modeli inakihesabu kana kwamba kimeshiba plastiki. Printa inajenga ganda, halafu ndani inasuka wavu tu.

Dawa ya haraka: chukua gramu za slaisa (programu inayokata modeli tabaka kwa tabaka kwa ajili ya printa), gawa kwa ujazo wa modeli, densiti utakayopata ipe modeli. Kwanza toa nguzo za kuegemeza na ukingo wa chini, maana slaisa inazihesabu nawe utazivunja utupe.

Kwa droni hiyo haitoshi. Tazama mchemraba wa PLA (plastiki ya printa, densiti gramu 1.24 kwa sentimita moja ya ujazo) wa milimita 40: kuta milimita 0.9, juu na chini milimita 1, wavu wa ndani umejaza asilimia 20. Ukishiba ni gramu 79.4. Kwa hesabu ya ganda na wavu ni 24.4, yaani densiti ya wastani 0.38. Uzito umepatia, lakini ukitumia wastani huo, momenti ya inesha (ukaidi wa kitu kuzungushwa) inatoka 6,490 g·mm², na ya kweli ni kama 7,780. Pungufu ya karibu moja ya sita! Sababu ni kwamba plastiki nyingi imekaa pembeni, mbali na mhimili, na wastani unairudisha katikati.

Kwa hiyo gawa modeli vipande viwili. Ganda lipe 1.24, kiini, yaani wavu wa ndani, kipe 0.248 (asilimia 20 ya 1.24). Mbavu zenye unene wa milimita 1.8 kushuka chini ni kuta tupu, hizo hazina kiini, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Skrubu za chuma zichore kweli, kwa densiti 7.85, ni ndogo lakini zinavuta kitovu cha uzito.

Kisha pima kwa mizani ya gramu 0.1. Kikipungua kuliko hesabu, shuku uzi wa plastiki wa printa kwanza. Masika hapa visiwani PETG (plastiki nyingine ya printa) hunywa unyevu; ukisikia pua ya printa inatatarika, huo ni mvuke, na tabaka zinaachwa na matundu. Uzi wa PETG ukaushe kwa nyuzijoto 65 za Selsiasi kwa saa 6, uprinti upya.

Kitovu cha uzito kihakiki kwa uzi wa kushonea: ning'iniza kishikio kwenye tundu moja, chora mstari wa timazi, rudia kwenye tundu jingine. Mistari inapokatana, linganisha na modeli. Ikipishana zaidi ya milimita 1, rudi ukague unene wa ganda uliouchora.