ATALIMA ni neno au sentensi?

Swali: Sisi ni vijana wa Mikindani, Mtwara. Jioni za Jumamosi tunashindana Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno ubaoni, ila tunacheza kwa Kiswahili. Juzi mwenzetu alikuta LIMA ubaoni, akatanguliza ATA, ikawa ATALIMA. Mpinzani wake akapekua kamusi, hakuiona, akadai alama zifutwe. Mwingine akasema hilo si neno, ni sentensi nzima. Raundi iliyofuata huyohuyo wa ATALIMA akashusha KWASABABU, ugomvi ukaanza upya. Nani ana haki?

Jibu: Aliyesema ni sentensi hakukosea. Ukiuliza "Juma atafanya nini mwakani?" ukajibiwa "Atalima", umejibiwa kikamilifu: mtenda yumo, wakati umo, kitendo kimo. Lakini katika maandishi sanifu viambishi vya kitenzi huandikwa vimeshikana na mzizi, bila nafasi. Kwa hiyo ni neno moja pia. Sifa hizo mbili hazigombani.

Kamusi msiitwishe kesi isiyo yake. Kamusi zetu, tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, huingiza "lima" na kuonyesha baadhi ya minyambuliko yake, kama limia au limisha. Maumbo mengine anaachiwa msomaji. Hebu hesabuni: nafsi sita (ni, u, a, tu, m, wa) mara nyakati nne (na, li, ta, me) ni maumbo 24. Ongezeni ukanushi wake, silimi, sikulima, sitalima, sijalima na wenzake, mnapata 48, na bado hatujagusa ngeli nyingine wala mtendwa. Nani angechapa kitabu hicho, na nani angekibeba?

Kwa Kiingereza mambo ni mepesi, kwa kuwa kitenzi kina maumbo machache na yote huorodheshwa. Ndiyo maana huko bingwa anaweza kukariri tu. Hata kwa Kifaransa imewezekana: mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa ilhali hakizungumzi Kifaransa. Alikuwa amemeza orodha ya maneno. Kwa Kiswahili angelazimika kumeza na sarufi.

Ushauri wangu: mtu akipingwa, atunge sentensi papo hapo na ataje kila kiambishi. Mathalani ALILILIMA, "shamba lile alililima peke yake": A ya mtenda, LI ya wakati uliopita, LI ya shamba, LIM mzizi, A ya mwisho. Akibabaika, aokote kete zake. Na msiogope kwamba maneno yatarefuka mno, kwani ubao wenyewe una mipaka: TUTAKAPOWALETEA ina herufi 15, sawasawa na visanduku vya mstari mmoja. Anayeweza kuijenga hiyo kwa kete saba mkononi na zilizokwisha kukaa ubaoni, mpeni alama zake na soda juu.

Nomino hazina makuu. BIBO ikitanguliwa na MA ni MABIBO. KOROSHO ikitanguliwa na M ni MKOROSHO, na hapo aliyekuwa akivizia MIKOROSHO amechelewa, maana hakuna pa kupenyeza I. Majina ya watu hayamo kwenye mchezo, kwa hiyo kwenye ALIMA msibandike H mkapata Halima wa jirani.

Penye mtego hasa ni NI. Kuna "ni" ya nafsi, inayoshikana na kitenzi: NIMWALIKE inakubalika. Kuna na "ni" inayosimama yenyewe, kama katika "huyu ni mwalimu": NIMWALIMU mkatae bila kusita. SI nayo vivyo hivyo: SIPENDI neno moja, "si mwizi" maneno mawili.

KWASABABU imo katika fungu hilo. KWA ni neno, SABABU ni neno, na baina yao pana nafasi, hata kama kwenye simu zetu tunaiandika imeshikana kila siku. "Kwa hiyo" na "kwa kuwa" pia huachana. Mwenzenu arudishiwe kete zake na zamu imhesabikie sifuri, ila zile alama za ATALIMA msimpokonye.