Maswali na majibu: kazi za utafiti kwa wanaoijua hadubini

Nina stashahada ya maabara, na kwa miaka sita nasoma slaidi za malaria hospitali ya wilaya. Sina digrii. Taasisi ya utafiti itanitazama? (Tabora)

Itakutazama, na usijishushe. Majaribio ya dawa na chanjo za malaria yanategemea macho kama yako. Kuhesabu vimelea kwenye tone nene hadi ufikishe chembe nyeupe za damu 200, na kuendelea hadi 500 vinapokuwa vichache, wewe unakujua tayari. Kwenye utafiti slaidi moja husomwa na watu wawili wasiooneshana majibu, wakipishana sana anaitwa wa tatu. Kwa hiyo kinachotafutwa ni mtu ambaye hesabu yake ya asubuhi haipishani na ya jioni. Kwenye wasifu usiandike "uzoefu wa hadubini" ukaishia hapo. Andika unasoma slaidi ngapi kwa siku, kama Giemsa, rangi ya kutia slaidi, unaichanganya mwenyewe, na kama umewahi kupimwa umahiri, ulipata ngapi. Fuatilia matangazo ya taasisi za utafiti wa afya nchini, Taasisi ya Afya Ifakara na NIMR.

Namaliza uhandisi na nataka utafiti wa mata (vitu kama chuma na plastiki), lakini chuo chetu hakina hadubini ya elektroni. (Morogoro)

Kuandaa sampuli ndiko kunakochukua muda kuzoeleka, na kwa hilo huhitaji elektroni. Kata kipande cha nondo. Kisugue kwa msasa, kuanzia wa chembe kubwa hadi laini kabisa, ukikigeuza nyuzi 90 kila unapobadili msasa ili uone kama mikwaruzo ya mwanzo imeisha. King'arishe, kisha, fundi wa maabara akiwa kando yako, kiguse kwa asidi ya nitriki iliyozimuliwa kwa alkoholi. Hadubini ya kawaida ya mwanga itakuonesha sehemu mbili za chuma hicho: feraiti nyeupe na pealaiti nyeusi. Picha hiyo ikiwa haina hata mkwaruzo mmoja, binafsi ningeiamini kuliko cheti cha semina.

Elektroni inahitajika unapotaka kuona vitu vidogo kuliko takriban mikromita 0.2. Hapo omba chuo chenye mtambo wakupokelee sampuli mbili tatu, na uombe kukaa na mwendeshaji anapopiga picha. Ukipeleka mkonge uliochanganywa na plastiki, utamwona akiupaka kwanza utando mwembamba wa dhahabu, maana mkonge na plastiki havipitishi umeme. Mwulize kila kitu.

Nimeona nafasi ya uzamivu Ulaya chini ya Marie Skłodowska-Curie, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili watafiti. Mkenya anaruhusiwa? Wakala anataka pesa ili aniombee. (Nairobi)

Uraia wowote unaruhusiwa. Usiwe tayari na shahada ya uzamivu, na usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi utakayoajiriwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Ni ajira yenye mshahara, na kuomba ni bure. Wakala huyo mwache leo hii, dada.

Naruhusiwa kung'arisha picha zangu za seli kabla ya kuzituma na maombi? (Zanzibar)

Ukiongeza mwanga sawasawa kwenye picha nzima, na ile unayoilinganisha nayo ukaifanyia vilevile, ni sawa. Kufuta doa au kuing'arisha seli moja ni kudanganya. Tumia Fiji, programu ya bure. Fanyia kazi nakala, weka kipimo cha urefu kwenye picha, andika ulichobadilisha. Faili asilia usiiguse, na siku ya usaili uwe nayo.