Kwa mnaoanza kushika mashine ya polishi: gari jeusi lina mambo yake

Wadogo zangu, nimenyamaza vya kutosha. Vijana wapya wanaingia kwenye mayadi yetu, hapa Mwanza, kuanzia Nyakato hadi Mkolani, wana nguvu na wana hamu ya kazi, halafu naona makosa yaleyale yakirudiwa kwenye magari yaleyale: Crown nyeusi, Harrier nyeusi, IST nyeusi. Gari jeupe au la silva linakuficha. Jeusi ukilitoa kivulini saa sita mchana, kila ulichokifanya kinaonekana, na mwenye gari hahitaji kufundishwa namna ya kukiona. Naandika kwa wanaojua tayari kompaundi, ile polishi kali ya kukwangua, ni nini na pedi inafungwaje. Sitaanzia alifu.

1. Ulichokiondoa hakirudi.

Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima, ile ya chini kabisa, hadi klia, ile ya juu isiyo na rangi, kwa magari mengi ni mikroni 100 hadi 150. Karatasi moja ya kutolea fotokopi ni kama mikroni 100. Sasa klia, ambayo ndiyo unayoichezea, mara nyingi ni mikroni 35 hadi 50 tu. Ile mikwaruzo ya miduara unayoiona jua likipiga boneti haizibwi na kitu chochote kikadumu. Inapotea kwa sababu umeishusha klia ya pembeni mpaka ikalingana na chini ya mkwaruzo. Maana yake kila gari linaloletwa kung'arishwa linaondoka na klia pungufu kuliko lilivyokuja. Fundi anayejisifu kwamba haachi hata mkwaruzo mmoja, mimi simpi gari jeusi. Mkwaruzo unaonasa ukucha punguza makali yake, basi, kisha mwambie mwenye gari umeuacha na kwa nini umeuacha. Wateja wetu ni watu wazima, wanaelewa wakielezwa.

2. Jaribu kwanza kipande cha sentimita 50 kwa 50, kwa pedi laini na polishi laini. Kikikataa ndipo upande ngazi moja, yaani pedi au polishi kali kidogo zaidi.

3. Mikwaruzo mingi inatoka kwenye kuosha.

Hapa ndipo hasira zangu zilipo. Unampa kijana Harrier imetoka safari, vumbi limetanda, anachukua dasta kavu na kupangusa paa lote kwa mizunguko mikubwa ili "tuone rangi ikoje". Mdogo wangu, uko Jiji la Miamba. Vumbi la hapa linatoka kwenye granaiti, na granaiti ikimeng'enyuka inaacha chembe za kwatsi ambazo ni ngumu kuliko klia yoyote iliyowahi kupigwa kwenye gari. Dasta kavu na chembe hizo ni msasa tayari. Kazi ya siku nzima unajiongezea ndani ya dakika mbili.

Mwagia maji ya presha kwanza, mchanga ushuke wenyewe. Ndoo mbili: moja ya shampuu, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Anzia paa, shuka, na vitambaa vya rimu visikutane kamwe na vitambaa vya bodi. Sponji ikianguka chini imekwisha, itafute nyingine, hata kama umeisuuza mara tatu. Sabuni ya unga iacheni kwa nguo. Na wale mnaoshusha magari ufukweni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inayalinda maeneo yaliyo ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na hata bila sheria, maji yale mnayochota ukingoni yana mchanga mtupu. Mnalinajisi ziwa na mnaliharibu gari kwa ndoo moja.

Kinyesi cha kongoti, kwa magari yanayolala chini ya miti ya mjini, kina asidi na kwa jua la huku hakingoji kesho. Weka kitambaa kilicholowa juu yake, kiache kilainike, kisha kinyanyue. Usikikwangue. Wale vidudu vya ziwani wanaogandia bampa na vioo, tiba yao ni hiyohiyo.

4. Ijue rangi kabla hujaigusa.

Kuhusu hili nitasema kwa kirefu, kwa sababu mwezi huu nimeona kijana mwingine akielekea palepale.

Tulikuwa na kijana mmoja yadi, ana mkono mzuri kweli. Alijifunza kusawazisha rangi kwenye magari ya zamani ya Toyota yenye nyeusi namba 202. Mengi kati ya hayo ya zamani hayana klia. Ni rangi ileile kuanzia juu ya praima hadi nje. Ukipitisha msasa wa maji, maji yanatoka meusi tangu mwanzo, na pedi ya polishi inageuka nyeusi mkononi. Siku ya kwanza alishtuka, akaambiwa usiogope, weusi huo ni kawaida. Hakuna aliyemmalizia maelezo.

Ikaja IST ya mama mmoja wa Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, wateja wa ng'ambo ile wanakuja na kurudi siku hiyohiyo. Malori yalikuwa yamemrushia kokoto, na moja ilikuwa imebandua rangi mbele ya boneti, milimita tatu hivi. Rangi ya gari ilikuwa namba 209, ile nyeusi yenye maika, yaani chembe zinazometameta juani, na juu yake kuna klia. Kijana alijaza kile kidonda vizuri, tabaka nyembamba kwa nyembamba, akasubiri ikauke, ikabaki imeinuka kidogo juu ya boneti, inavyotakiwa.

Kesho yake akachukua msasa namba 2000, akaukunja na kuusukuma kwa ncha ya kidole, bila kibao kigumu cha kuushikia. Maji ya kwanza yalitoka meupe. Weupe huo ni klia, na ndio uliomtia wasiwasi, kwa sababu hakuwahi kuuona. Akaendelea. Maji yakawa ya kijivu, kisha meusi. Hapo mtu mwingine angetupa msasa chini. Yeye ndiyo kwanza akatulia, kwa sababu kichwani mwake weusi ndio uzima. Akaongeza maji, akaendelea kusugua.

Alipopangusa, kile kidonda kilikuwa bado kimeinuka. Kidole kinafuata mbonyeo, kinakula pembeni na kuacha kilima katikati. Pembeni yake kulikuwa na duara lisilong'aa, kubwa kama sarafu ya shilingi mia mbili, lenye ukingo wa klia unaoonekana wazi. Na bado hakuita mtu. Akawasha mashine akitafuta mng'ao kwa kompaundi, duara likapanuka. Akaleta klia ya kopo, akapuliza bila kufunika, ukungu ukatua kwenye taa na kioo cha mbele. Mimi nilifika jioni nikamkuta amechuchumaa mbele ya gari, ameshika kopo, haongei.

Boneti nzima ikapigwa rangi upya kwa gharama ya yadi. Mfanyaji rangi alijitahidi, lakini ukisimama pembeni jua likiwa limeinama unaona maika ya boneti na ya madigadi hazilali sawa. Yule mama alileta kidonda cha milimita tatu, akaondoka na boneti ambayo si ya kiwandani tena. Siku akitaka kuuza, mnunuzi atamuuliza gari liligongwa wapi, na atashushiwa bei kwa ajali ambayo haikutokea. Hilo bado linaniuma.

Kinga yake ni ya dakika moja. Osha chini kabisa ya mlango, weka tone la polishi kwenye kitambaa cheupe, sugua kidogo. Kitambaa kikichukua weusi, hakuna klia. Kikibaki bila rangi, klia ipo, na kuanzia hapo maji meusi kwenye msasa ni amri ya kusimama. Namba ya rangi iko kwenye kibati cha gari, palipoandikwa C/TR, lakini namba peke yake isikutoshe: gari linaweza kuwa limeshapigwa rangi nyingine huko lilikotoka. Na ukiharibu, ita mtu wakati duara bado ni dogo. Hakuna atakayekupiga.

5. Kingo na mistari ya bodi zifunike kwa tepu ya karatasi. Rangi pale ni nyembamba na inaunguzwa haraka kuliko popote.

6. Vidonda vya kokoto vinajazwa kabla ya kupiga polishi.

Safisha, ondoa mafuta, uangalie kama kutu imeanza. Kutu ikiwepo ikwangue mpaka chuma kiwe safi na uweke praima, la sivyo unafunika ugonjwa. Rangi iweke kwa ncha ya kijiti cha meno, kidogo kidogo, maana inanywea ikikauka. Ipe siku kadhaa kama mteja anakubali. Kisha kibao kidogo kigumu, msasa 2000 au 2500 uliolowekwa, matone ya shampuu, na mkono unaogusa kilima tu. Usahihi wa asilimia mia hautaupata. Ukisimama hatua mbili kidonda kisikuite, kazi imeisha.

7. Usikague kazi polishi ikiwa bado na mafuta yake. Mafuta yanajaza mikwaruzo, gari linang'aa jioni, na baada ya kuoshwa mara moja mteja anarudi amekunja uso. Pangusa kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji, kisha pitisha tochi. Thina hapana, petroli hapana. Kama ulitumia mashine ya mzunguko yenye pedi ya sufi, malizia kwa DA, ile mashine ambayo pedi yake inazunguka huku ikiyumba, na pedi laini, vinginevyo juani zitatokea alama za mashine zinazotembea na mwanga. Na fanya kazi asubuhi au kivulini, bodi ikiwa ya baridi ukiigusa kwa kiganja.

8. Klia yenye hadina, ile dawa ya kuigandisha, ina kemikali ya isosianeti. Inaingia kwenye mapafu, na ikishakuletea pumu hutaweza tena kukaa karibu na rangi. Kitambaa mdomoni hakizuii chochote, na barakoa ya vumbi haizuii mvuke. Mnunue barakoa yenye vichujio vya mvuke wa rangi, na mvibadilishe kabla hamjaanza kunusa harufu ndani yake. Mwenye yadi akikataa kununua, usishike bunduki ya rangi siku hiyo. Mwambie nimesema mimi.