Nguzo za mitambo ya upepo baharini: lazima zipigwe nyundo?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Nasoma uhandisi wa ujenzi, mwaka wa tatu. Nimesoma kwamba nguzo za mitambo ya upepo baharini hupigiliwa kwa nyundo kubwa mpaka wanyama wa baharini wanakimbia, halafu inaletwa meli nyingine kumwaga mapovu ili kupunguza kelele. Kwa nini tuhangaike kuzima kelele badala ya kuacha kupiga? Na hizo njia za kimya zinazosifiwa, ni rahisi kweli au ni maneno ya matangazo?

JIBU: Nzuri, karibu. Nianze na kelele yenyewe, maana wengi hudhani ni ule mlio wa chuma kugonga chuma kule juu. Sehemu kubwa haitoki huko. Inatoka kwenye ukuta wa nguzo, chini ya maji.

Nguzo ya siku hizi ni bomba la chuma lenye kipenyo cha mita 8 au zaidi, na uzito unaopita tani 1,000. Nyundo ikishuka, chuma hubanwa, na ukuta wa bomba hutanuka kidogo kuelekea pembeni, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Mtutumko huo hukimbia kwenda chini kwa kasi ya mita 5,000 hivi kwa sekunde, ilhali sauti ndani ya maji husafiri mita 1,500 tu. Mtutumko unaitangulia sauti yake wenyewe, kwa hiyo mawimbi huachwa nyuma yakiwa na umbo la koni, kama yale yanayofuata boti iendayo kasi. Sasa zidisha kwa mapigo elfu kadhaa, maana ndiyo kawaida ya nguzo moja.

Katika Bahari ya Kaskazini anayetajwa zaidi ni porpoisi, jamaa mdogo wa pomboo, ambaye hutafuta chakula kwa kusikiliza mwangwi wa sauti yake. Nchini Denmark, wakati wa ujenzi wa shamba la upepo la Horns Rev, athari kwa porpoisi zilionekana hadi kilomita 20 hivi kutoka kwenye nguzo. Ujerumani imeweka kikomo: ukiwa mita 750 kutoka kwenye nguzo, nishati ya sauti ya pigo moja isizidi desibeli 160, na kilele kisizidi 190. (Usizilinganishe namba hizo na desibeli za injini ya ndege angani. Kipimo cha majini huanzia kwenye shinikizo dogo zaidi, hivyo namba zake hutoka kubwa.)

Pazia la mapovu lilipata soko kwa sababu ya sheria za namna hiyo. Hosi yenye matundu hulazwa sakafuni kuzunguka nguzo, kompresa (mashine za kubana hewa) zinasukuma hewa, na sauti ikikutana na mchanganyiko wa maji na hewa sehemu yake hurudishwa na nyingine humezwa. Kupunguza desibeli 10 maana yake nishati inabaki sehemu moja ya kumi, na pazia zuri hufika hapo na kupita. Lakini mkondo mkali huyasukuma mapovu kando, na sauti iliyopita ndani ya ardhi huibukia nje ya duara. Juu ya hayo unalipia meli, kompresa na mafuta yake kwa kila nguzo. Kwa hiyo hoja yako ina mashiko: tunatumia nishati kutengeneza kelele, kisha tunatumia nyingine kuizima.

Kati ya njia zisizopiga kabisa, ninayoipenda ni ndoo ya kufyonza. Chukua ndoo ya chuma, igeuze mdomo chini, iweke sakafuni. Itazama kidogo kwa uzito wake. Sasa pampu itoe maji yaliyobaki ndani. Shinikizo la ndani linashuka, na bahari iliyo juu inaikandamiza ndoo ardhini. Piga hesabu mwenyewe: ndoo ya kipenyo cha mita 8 ina eneo la mita 50 za mraba. Ukishusha shinikizo la ndani kwa bar 1 tu, yaani karibu sawa na shinikizo la hewa inayotuzunguka, umepata kani sawa na uzito wa tani 500 hivi, bila pigo hata moja. Kwenye mchanga kuna zawadi ya ziada: maji yanayopenya kutoka chini kuingia ndani ya ndoo hulegeza punje kwenye ncha ya ukuta, kazi ikawa nyepesi zaidi. Ila ukifyonza kwa pupa, mchanga wa ndani huinuka na kuijaza ndoo kabla haijafika kina chake. Siku ya kuondoa mtambo unapampu maji kuyarudisha ndani, ndoo inapanda.

Hii si nadharia. Ørsted, kampuni ya nishati ya Denmark, waliijaribu kwenye shamba la upepo la Borkum Riffgrund 1 huko Ujerumani mwaka 2014, ndoo tatu chini ya jaketi moja (fremu ya mabomba ya chuma inayobeba mtambo), na Borkum Riffgrund 2 ikafuata na jaketi 20. Mitambo ya upepo inayoelea ya Hywind Scotland, 2017, zimefungwa kwa nanga za aina hiyohiyo. Lakini jiwe kubwa moja chini ya ukuta wa ndoo laweza kukwamisha kazi yote, na jaketi ina viungo vingi vya kuchomelea kuliko bomba tupu. Kimya unakipata baharini, gharama inahamia karakana.

Msingi wa uzito, yaani zege nzito inayokaa tu sakafuni, ni wa zamani kuliko mjadala huu. Vindeby kule Denmark, shamba la kwanza la upepo baharini, lilisimama juu yake mwaka 1991, na mradi wa Fécamp kule Ufaransa umeweka misingi 71 ya aina hiyo. Unataka sakafu imara iliyosawazishwa na bandari yenye nafasi kubwa. Ukiwa navyo, sawa.

Zimebaki njia mbili zinazotumia bomba lilelile. Mwaka 2024, kwenye shamba la upepo la Gode Wind 3 huko Ujerumani, Ørsted walishusha nguzo tatu kwa kuulegeza udongo kwa mikondo ya maji. Wenyewe walitangaza kwamba kelele ilipungua desibeli 34, ambazo ni nishati pungufu mara 2,500 hivi. Nguzo tatu ni mwanzo, nami nasubiri kuona tabia yake kwenye udongo wa aina nyingine. Njia ya pili ni mtetemo: mashine inalishika bomba na kulitikisa mara nyingi kwa sekunde, msuguano unapungua, bomba linazama kwa uzito wake. Kwenye mchanga huenda upesi kuliko nyundo, na mradi wa Kaskasi huko Ujerumani uliitumia. Kwenye udongo mgumu wa mfinyanzi inaweza kugoma.

Kuhusu urahisi, hapo ndipo matangazo huwa kimya. Nyundo inapopiga, inapima pia: idadi ya mapigo kwa kila sentimita 25 humwonyesha mhandisi jinsi udongo unavyokaza, naye huitumia kukagua uwezo wa nguzo. Mtetemo hautoi ushahidi wa namna hiyo, na udongo uliotikiswa huweza kushika bomba tofauti na ule uliopigwa. Ndiyo maana miradi mingine hutetemesha nguzo hadi karibu na mwisho, kisha nyundo inaletwa kumalizia mita chache na kuandika namba ambazo mkaguzi anazitaka.