Rudisha hiyo greda kabla haijafika Ahero

Simamisha greda, hiyo mashine ya kukwangua barabara. Mpigie mwenye greda simu leo, mwambie kikundi kimegawanyika, mwambie mweka hazina amesafiri, mwambie chochote, ila Jumatatu asije.

Umeuliza kama mnunue punda au ng'ombe, mkokoteni wa aina gani, baiskeli za mizigo ngapi, na mtumbwi wa kupeleka mchele Kisumu. Watu wamekujibu punda, punda, punda. Inaonekana hakuna aliyefika aya yako ya tatu, pale uliposema greda itakwangua sentimita 30 kwenye kilomita 3 kutoka mashamba ya mpunga hadi posho mili, yaani kinu cha kusaga, upana mita 3, kisha mmwage lori 12 za murram, ule udongo mwekundu wa changarawe. Hapo ndipo pesa yenu itakapozikwa, na mazishi yenyewe mtayachangia nyinyi.

Chukua kalamu tupige hesabu. Mita 3,000 mara 3 mara 0.3 ni mita za ujazo 2,700. Hilo ndilo shimo. Lori likibeba mita za ujazo 7, lori 12 ni 84, tena murram ikiwa bado legelege. Ukiishindilia inashuka hadi kama 65. Itandaze kwenye hizo mita za mraba 9,000 upate milimita 7, unene wa penseli. Safu ya maana ni sentimita 10 ikishashindiliwa, na kwa njia yote hiyo ni zaidi ya lori 160. Kwa hiyo utakuwa umechimba beseni la kilomita 3, chini ya usawa wa mashamba, kisha ukalipaka rangi nyekundu.

Na udongo wenyewe unaujua. Huu mweusi wa uwanda wa Kano karibu na Kisumu, Ahero kuteremka mpaka Katito, ukinywa maji unavimba na kuteleza, jua likiwaka unapasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Ukiwa mkavu unabeba lori. Ukilowa haubebi hata mama mwenye debe. Murram ukiimwaga juu yake penye maji yaliyotuama, magurudumu yanaikandamiza mpaka inazama, na matope yanapanda juu kuchukua nafasi yake. Ongeza lori jingine, nalo litazama. Hakuna idadi ya lori inayomaliza ugonjwa huo, maana shida ni maji yasiyo na pa kwenda.

Najua mwenye greda amekuambia nini, kwa sababu na sisi tuliimbiwa wimbo huohuo: "Tutoe hii laini ya juu tufike kwenye ngumu." Ngumu ipi, ndugu yangu? Kwenye uwanda huu unaweza kuchimba shimo la choo na bado uko kwenye mfinyanzi uleule. Huyo mtu analipwa kwa saa. Kadiri anavyochimba ndivyo saa zinavyosonga, na masika yakifika mwezi wa Machi yeye yuko kaunti nyingine akiimba wimbo uleule kwa kikundi kingine. Hakushuka kwenye mashine hata mara moja kutazama maji yanatokea wapi. Ukimuuliza mtaro utaishia wapi anakuonyesha kwa kidole, "kule". Kule ni shamba la mtu! Anayetaka kufuga kamongo aje tumuuzie njia yetu ya zamani. Matope yapo, kina kipo, na samaki yule anajua kuvumilia kiangazi humohumo.

Sasa shika hili, mengine yote yangoje: usinunue kitu chochote chenye gurudumu au kwato kabla hujaona kwa macho yako maji yakitoka kwenye njia. Mvua ikinyesha sawasawa, vaeni gambuti muitembee yote mkiwa na vijiti. Kijiti palipotuama, kijiti panapokatiza, kijiti panapotokea. Saa mbili baada ya mvua kukatika rudini mtazame vijiti vipi bado viko majini. Hapo ndipo kazi yenu ilipo, na mara nyingi ni vipande vichache tu, wala si kilomita zote tatu.

Panapotuama, njia inapandishwa. Chimbeni pande zote mbili, udongo mrushe katikati mpate tuta la sentimita 40 juu ya shamba, juu mita 3, kingo zilale kwa mteremko wa moja kwa mbili, yaani kushuka sentimita moja kwa kila mbili za pembeni, zisibomoke. Ni kama mita ya ujazo moja na nusu kwa kila mita ya njia. Mtu mmoja akipewa mita za ujazo 3 kwa siku ni kazi ya haki, kwa hiyo mita 400 mbovu zinataka watu 40 kwa siku 5, jembe, koleo na karai, bila saa ya greda hata moja. Mtaro usiukate kwenye mguu wa tuta. Huu udongo ukivimba na kunywea karibu na tuta unalipasua ukingo, kwa hiyo kati ya tuta na mtaro acheni ukanda wa ardhi mpana kadiri wenye mashamba watakavyokubali. Kwenye barabara za magari huachwa hata mita 4. Miti nayo ikae mbali, mizizi hukausha upande mmoja na tuta likachanika katikati.

Wekeni udongo kwa matabaka ya sentimita 15, mshindilie kila tabaka kwa gogo zito lenye mpini. Kazi hii ina majira yake. Kiangazi kikikolea mnapiga jiwe, mvua ikikolea mnakanda ugali. Muda mzuri ni mvua zikishaanza kupungua: ubinye udongo kiganjani, ukifanya bonge bila kukuachia matope mkononi, anzeni.

Halafu mgongo. Njia lazima iwe na mgongo, asilimia 8 wakati wa kujenga, maana utashuka wenyewe ukitumika. Kwa upana wa mita 3, katikati pawe juu ya ukingo kwa sentimita 12. Msikadirie kwa jicho. Kata ubao wa mita 1.5, upigilie mguu wa sentimita 12 upande mmoja, uweke pima-maji juu yake. Mguu ukae ukingoni, ncha nyingine katikati. Pima-maji likilala sawa, songeni mbele.

Maji ya kando yanataka kutolewa kila mita 50 kwenye ardhi tambarare kama hiyo, kwa mtaro unaochepuka kwenda shambani. Fungeni kamba ya mita 10 na pima-maji la kamba: mkipata mteremko wa sentimita 10 kwa kamba nzima shukuruni, sentimita 5 inatosha mradi tope lizolewe. Na kabla ya kuukata, kaeni na mwenye shamba mbele ya mzee wa kijiji, iandikwe. Jirani ambaye hukumwomba ataziba usiku kwa jembe moja, na atakuwa na haki. Msitupe maji kwenye mifereji ya mpunga pia, mtagombana na wanaoisimamia kisha mzolee tope la watu bure.

Pale pabaya kabisa, ambapo hata tuta linadidimia, tumieni magunia. Wajapani wanaiita mbinu hii do-nou na vijana wengi vijijini Kenya wameshafundishwa. Gunia la plastiki la sentimita 45 kwa 60, lijazwe murram au mchanga, lifungwe, lilazwe na kupigwa mpaka liwe bapa: sentimita 40 kwa 40, unene 10. Likikanyagwa, kitambaa kinajikaza na kubana kilichomo kisitawanyike. Kwa mkokoteni si lazima ujaze upana wote, njia mbili za magurudumu zatosha, kila moja magunia mawili kwa upana, tabaka mbili. Hayo ni magunia 20 kwa mita. Mita 30 za kinamasi ni magunia 600 na lori kama mbili za murram. Hapo ndipo zile lori zako zina kazi! Ila yafunikeni kwa murram, maana jua likiyachoma yanachanika na yote yamwagike.

Penye mkondo unaokatiza, kalvati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya njia, iwe ya sentimita 60. Atakayekuuzia bomba dogo kwa sababu ni rahisi hajawahi kulizibua likijaa makapi ya miwa. Juu yake pawe na udongo usiopungua sentimita 45, na sehemu ya kutokea iwe chini kuliko ya kuingilia. Kama mkondo ni wa msimu tu, sakafu ya mawe yaliyopangwa ni nafuu kuliko kalvati. Maji yanapita juu, mnangoja saa moja, mnavuka.

Punda, haya. Punda wa kilo 150 anavuta kwa kuendelea nguvu ya kilo 20 hadi 25, wawili tuseme 45. Mkokoteni wenye mzigo, jumla kilo 650, kwenye njia ngumu iliyokauka unadai nguvu ya kama kilo 26. Wanatembea huku wakipepesa masikio. Kwenye matope mkokoteni uleule unadai 130 au zaidi. Ongeza punda, ongeza fimbo, hesabu haibadiliki. Ndiyo maana nasema wasubiri. Siku mkiwanunua, wavalisheni mkanda wa kifuani. Nira ni ya ng'ombe, mwenye nundu ya kuizuia. Magurudumu yawe ya mpira, kwa sababu ya chuma, tena membamba, yanachimba mistari, na kila mstari ni mtaro unaopeleka maji mahali hamkupanga.

Trekta za miwa zikijua kuna njia mpya zitakuja usiku. Wekeni gogo na kufuli kila mwisho, ufunguo kwa mzee mmoja, na mvua ikinyesha hapiti mtu mwenye gurudumu mpaka pakauke, hata awe nani.

Kisha teueni mtu wa kuitunza kwa malipo. Programu ya barabara za vijijini iliyoanza Kenya mwaka 1974 ilimpa mtu mmoja kilomita moja na nusu hadi mbili, mkazi wa palepale, siku chache kwa wiki. Kilomita zenu 3 zinataka wawili. Kazi yao ni kuzibua mitaro, kukata nyasi za kingo bila kuzing'oa, na kujaza kishimo kingali cha ukubwa wa sahani. Zile pesa za greda zitawalipa hao muda mrefu.