Kabla hujaiwasha kalorimeta: kwa anayeanza kupima dawa na protini

Mwezi wangu wa kwanza kwenye kalorimeta, mashine inayopima joto linalotoka au kumezwa dawa inaposhikana na protini, nilipata matokeo mazuri mno. Kila tone la dawa nililodunga ndani ya protini lilitoa mchomo mkubwa wa joto, nami nikaenda kwa msimamizi wangu natembea kama bwana harusi. Akaitazama grafu, akauliza swali moja tu: "Umeidunga dawa hiyo kwenye bafa tupu?" Sikuwa nimefanya hivyo. Nilipoidunga kwenye bafa tupu, yaani ule myeyusho wa kushikilia pH bila protini ndani, michomo ikatoka ileile. Protini haikuhusika hata chembe. Myeyusho wa dawa ulikuwa na asilimia 2 ya DMSO, kiyeyushi cha dawa zisizoyeyuka vizuri majini, wa protini haukuwa nayo kabisa, na nilichokipima wiki nzima ni joto la DMSO ikichanganyika na maji.

Basi wewe uliyepewa nafasi yako maabara juzi, anza na hilo. Mashine hizi hazina aibu. Uzilishe uchafu, viputo au protini iliyokwisha kuharibika, zitakupa namba, tena yenye desimali. Kazi yako kubwa ni kujua namba hiyo inaizungumzia dawa au inaizungumzia bafa.

Bafa ndiyo itakayokula muda wako mwingi. Mimi hufanya hivi: protini naiweka kwenye mfuko wa dayalisisi, unaopitisha bafa lakini si protini, na kuuzamisha ndani ya bafa usiku kucha, asubuhi naichukua bafa ileile iliyobaki nje ya mfuko na kuyeyushia dawa. Kisha naongeza DMSO upande wa protini mpaka pande zote mbili zilingane. Usichanganye bafa mpya "kwa kipimo kilekile" ukadhani ni ileile, kalorimeta itakuumbua. Ukitumia bafa ya Tris, kumbuka pH yake hucheza na joto: uliyoirekebisha kuwa 8.0 kwenye nyuzi 25 itasoma karibu 8.6 kwenye chumba cha baridi cha nyuzi 4. Na kama protini yako inahitaji kilinzi dhidi ya oksijeni, TCEP itakusumbua kidogo kuliko DTT, ambayo hugeuka kemikali nyingine taratibu na kuufanya mstari wa msingi uyumbe kama mlevi.

Linalofuata ni ukolezi wa protini. Wengi husoma mwanga wa nanomita 280, wakaandika namba, wakaendelea. Lakini kinachofyonza mwanga huo ni triptofani na tairosini hasa, kwa hiyo protini isiyo na triptofani itaonekana chache hata ikiwa nyingi, usipotumia kigezo chake yenyewe cha kufyonza mwanga. Kama umeisafisha kwa nguzo ya nikeli, imidazoli iliyobaki, ile kemikali ya kuibandua protini kwenye nguzo, nayo hufyonza mwanga hapohapo. Sifurisha kifaa kwa bafa ya sampuli yako, si kwa maji. Soma na 260 pia: protini safi hutoa uwiano wa 260 kwa 280 wa karibu 0.6, na ukiona 1 au zaidi, umebeba DNA au RNA ndani yake.

Kosa la ukolezi hujitokeza baadaye, kwenye ile namba ya n ambayo kalorimeta hutoa kuonyesha ni molekuli ngapi za dawa zimeshika kila protini moja. Tuseme unajua protini ina mahali pamoja pa kushikwa, halafu n inatoka 0.6. Usikimbilie kuandika kwamba dawa moja inashikwa na protini mbili. Mara nyingi sehemu ya protini yako imekufa, au ulikosea kuipima, au dawa ndiyo uliyoipima vibaya. Mimi huitazama n kabla ya kutazama nguvu ya kushikana, na ikiwa mbaya siendelei.

Mashine ya chipu ya dhahabu (SPR), ile unayobandika protini juu ya chipu, ukapitisha dawa na kusoma mwanga ulioakisiwa, ina hesabu yake ambayo wageni huiruka. Ukubwa wa alama hufuata uzito. Ukibandika protini yenye uzito wa daltoni 30,000 hadi alama ifikie vizio 3,000, dawa ya daltoni 300 itakupa vizio 30 tu, hata kila protini ikishikwa. Sasa linganisha: tofauti ya asilimia 0.1 ya DMSO peke yake inaweza kurusha alama kwa zaidi ya vizio 100. Ndiyo maana watu wa mashine hii hutengeneza bafa kadhaa zenye DMSO iliyopishana kidogo na kuzipitisha kwa ajili ya masahihisho. Usione uvivu kuzitengeneza.

Kama una dawa mia za kuchuja, usianze na hizo mbili. Anza na jaribio la kuyeyusha: unaweka rangi ya SYPRO Orange kwenye protini, unapandisha joto toka nyuzi 25 hadi 95 ndani ya mashine ya PCR inayosoma mwanga, na rangi inawaka protini inapofunguka na kuonyesha sehemu zake zinazokimbia maji. Dawa inayoshika hupandisha nyuzijoto za kuyeyuka. Ni rahisi, protini inatumika kidogo, na inakuonyesha mapema kama bafa yako inaipenda protini au la. Ila sabuni huliharibu jaribio hili, na dawa yenye kuwaka yenyewe hudanganya.

Kuna udanganyifu mmoja ulionipotezea miezi, si wiki. Baadhi ya dawa hujikusanya zenyewe majini, zikatengeneza vibonge vidogo vinavyoifunika protini na kuizima. Grafu inaonekana nzuri, na kimeng'enya kinaacha kazi kabisa. Brian Shoichet na wenzake walilionyesha hili mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kipimo chake ni chepesi: rudia jaribio la kimeng'enya ukiwa umetia sabuni ya Triton X-100 asilimia 0.01. Nguvu ya dawa ikitoweka, ulikuwa unapima vibonge. Dawa yangu pendwa ilitoweka hivyohivyo.

Zungusha protini kwenye sentrifuji dakika 10 kabla ya kila kipimo, ondoa viputo, igandishe kwa mafungu madogo ili usiyeyushe fungu moja mara mbili. Hayo utaambiwa na kila mtu.

Halafu, kabla ya protini yako ya thamani, jizoeze na kalisi na EDTA, kemikali inayonasa metali, ambavyo hushikana vizuri na ni vya bei ndogo. Na kabla ya hapo, dunga maji kwenye maji. Mstari usipokaa bapa, mtu wa jana hakuiosha seli, kile kijichumba cha kupimia ndani ya kalorimeta. Mimi nimeibandika grafu yangu ya maji kwa maji kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, nayo ndiyo ninayoilinganisha na ya leo kila asubuhi kabla sijaitoa protini kwenye friza.