Mkia Ukikukimbia Kwenye Kona, Usikimbilie Springi Ngumu

Juzi kijana mmoja wa Moshi kaniandikia: "Shikamoo kaka. Gari langu la rimoti nikikata kona tu, mkia unatangulia. Ninunue springi ngumu za nyuma?"

Marahaba mdogo wangu. Usinunue. Swali lako liliwahi kuniaibisha mbele za watu, tena huko huko kwenu.

Ilikuwa Julai mwaka jana. Bagi langu, yaani gari la rimoti la njia za vumbi, la 1:10 (moja ya kumi ya gari halisi), la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, nililiandaa hapa Arusha asubuhi, baridi ile ya koti na kofia. Lilikuwa linatulia jamani! Nikashuka Moshi kifua mbele. Saa saba mchana, jua la kule mnalijua, vumbi laini limelala juu ya udongo mgumu. Mzunguko wa pili, kona ya kushoto, gari likageuka likanitazama. Likarudia. Jamaa mmoja akapaza sauti: "Hilo gari linacheza sindimba!" Watu hoi kwa kicheko. Mpaka leo salamu yake kwangu ni hiyo.

Nikakaza, nikaweka springi ngumu nyuma. Ndiyo nikaharibu kabisa. Nyuma ikiwa ngumu, tairi haifuati mabonde ya njia, inadundadunda, na ikiwa hewani itashika nini? Nikamaliza wa mwisho. Kuanzia Boma Ng'ombe hadi Usa River sikufungua mdomo.

Usiku nikazitoa shokapu za nyuma, nikazisukuma kwa kidole moja moja. Ya kulia ikashuka pole pole, mkono unausikia uzito wa oili. Ya kushoto ikalia "choro", ikazama hadi katikati bila ubishi. Hewa! Oringi, kile kipete cha mpira kinachozuia oili isitoke, ilikuwa imechoka, oili imevuja kidogo kidogo, na joto la Moshi likaifanya ile iliyobaki kuwa nyepesi zaidi. Springi haikuwa na kosa lolote.

Nikabadilisha oringi, nikajaza oili ya silikoni, nikapandisha na kushusha pistoni taratibu mpaka mapovu yakaisha, nikaiacha imesimama kidogo ndipo nikafunga. Baadaye nikaweka springi laini kuliko za mwanzo, na magurudumu ya nyuma nikayageuza, ncha zake za mbele zikaangalia ndani digrii 3. Kimoja kimoja, kila mara najaribu kwanza.

Jumapili iliyopita nimeshika nafasi ya pili. Bwana Sindimba alikuwa wa tano. Nasema tu.

Lakini ninyi vijana hamna subira! Gari likiteleza mnakimbilia dukani, mnabadilisha springi, oili na matairi siku moja, halafu hamjui kilichosaidia ni kipi. Kimoja kimoja, nimesema. Na wewe mdogo wangu, kabla hujatoa hata shilingi, zing'oe hizo shokapu mbili leo usiku, zima redio, uzisukume kwa kidole. Ikilia "choro", niandikie.